Mlango wa kabati kwenye ramani ya nyumba: uchorwe wazi au umefungwa?

Kabati la nguo la upana wa milimita 1200, milango miwili. Ukichora milango ikiwa wazi, kila mmoja na tao lake la robo duara linaloonyesha njia unayopita ukifunguka, unaona mara moja kwamba inataka milimita 600 mbele yake. Kitanda kikiwa umbali wa milimita 450, tao linakigonga kwenye karatasi, kabla seremala hajakata hata ubao mmoja. Chumbani mimi huchora hivi kila mara.

Jikoni naacha mstatili mtupu, milango imefungwa. Kwa skeli ya 1:100 mlango wa milimita 600 ni milimita 6 tu kwenye karatasi. Matao kumi ya namna hiyo yanageuka utando wa buibui, na vipimo havisomeki tena. Upande wa bawaba nauonyesha kwenye mchoro wa mbele (kabati likitazamwa uso kwa uso), kwa mistari miwili ya vipandevipande inayokutana penye bawaba. (Andika maana yake pembeni, maana wapo mafundi wanaoisoma kinyume.) Ila kabati la kona, hata jikoni, lichoree tao: mlango wake ndio hugongana na mpini wa kabati la pembeni yake.

Milango ya kuteleza? Mistari miwili sambamba inayopishana, basi.