Msaada wa shule na mizinga ya nyuki kusini mwa Sikonge: unachopewa na kinachokosekana

Kwa anayeuliza kama msaada wa shirika hili la kifamilia unafaa kuombwa: uombe, hasa upande wa shule. Mizinga nayo uiombe, ila usisaini kupokea hata mmoja kabla hujaukagua na kujua nani atarudi siku ya kurina, yaani kuvuna asali. Jina la familia hatuliweki kwa kuwa kinachopimwa ni huduma, na vijiji vya kusini mwa Wilaya ya Sikonge mkoani Tabora, upande wa Kitunda, vinawajua vizuri. Ni ndugu wanaochangishana wenyewe. Hawana ofisi kubwa wala gari lenye nembo, na kazi yao ni mbili: kusaidia wanafunzi, na kuwafundisha vijana na akina mama ufugaji nyuki.

Upande wa shule hakuna mengi ya kulalamikia. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita nayo imeondolewa. Hawa wameelewa kwamba kinachomtoa mtoto wa kijijini shuleni kwa sasa ni vitu vingine. Sekondari ya kata iko mbali, anapanga geto na wenzake, unga unaisha katikati ya muhula, na tumbaku ikianza kuvunwa na kukaushwa mzazi anamhitaji shambani. Kwa hiyo wanalipia kitanda cha hosteli pale ilipo, na mahindi na maharage wanayakabidhi shuleni kwa maandishi badala ya kumpa mzazi fedha mkononi. Mtoto anapata viatu, kaunta buku na sare mbili, na wasichana taulo za kike za muhula mzima. Hiyo sare ya pili ndiyo inayoonyesha kwamba waliopanga wanakijua kijiji. Mwenye sare moja huifua jioni, mvua za Januari zikishika haikauki, na asubuhi anabaki nyumbani.

Wasichana waliokatizwa masomo nao wamekumbukwa. Tangu mwishoni mwa 2021 aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani, na asiyetaka kurudi huko anaweza kufanya mtihani wa maarifa, QT, kisha akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shirika linalipia usajili. Dosari ni kwamba fedha hiyo huchelewa, na mtahiniwa anayepitisha muda wa kawaida hutozwa zaidi. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, hivyo karatasi zako ziwafikie Novemba, usingoje shule zifunguliwe.

Sasa mizinga, ambako ndiko kwenye kazi.

Wazo lenyewe ni zuri. Tabora ni mkoa wa asali tangu zamani, lakini mzinga wa gome humgharimu mfugaji mti mzima, kwa sababu myombo uliobanduliwa gome kuzunguka shina hukauka. Mzinga wa sanduku wenye papi juu, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega chini yake, unadumu miaka, na masega yanakaguliwa moja moja bila kuvuruga majana, yaani watoto wa nyuki. Mafunzo yao yanafanyika kijijini, si mjini, na mkufunzi amesoma Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora. Anafundisha kwa vitendo, na mwanafunzi anashika bomba la moshi mwenyewe. Hapo tunampa alama zote.

Tatizo liko kwenye sanduku. Papi ya nyuki wetu inatakiwa iwe na upana wa milimita 32, isizidi 33. Kundi moja la mizinga iliyogawiwa lilitoka kwa fundi mwingine, na papi zake zinakaribia milimita 38. Nyuki hawasamehe kosa hilo. Wanajenga sega kwa nafasi yao wenyewe, linakatiza kutoka papi hii hadi ile, na ukiinua moja unapasua mbili. Asali inamwagika, majana yanakufa, siafu wanafuata, na kundi linahama. Nenda na rula. Pima papi tano za katikati kabla ya kusaini. Angalia pia kama kila papi ina mstari wa nta katikati, upande wa chini, maana huo ndio unaowaonyesha nyuki pa kuanzia. Nusa ndani: mzinga uliopakwa rangi kwa ndani utakaa mtupu. Mbao mbichi nazo zikataliwe. Zikikauka zinapinda, na kwenye nyufa ndimo wanamopita nondo wa nta na sisimizi.

Jingine ni wakati. Mizinga imekuwa ikifika Januari, barabara zikiwa tope na makundi ya nyuki yakiwa yameshapata makazi. Mzinga unaotundikwa Agosti au Septemba, kabla misitu haijachanua, una nafasi kubwa ya kuingiwa. Wa Januari hugeuka nyumba ya mijusi na buibui. Ukipewa Januari, uhifadhi mahali pakavu, na kabla ya kuutundika usafishe na kupaka nta upya. Siku ya kutundika, ufunge kwa waya kati ya miti miwili, kimo cha kiuno hadi kifua, waya upakwe oili chafu kuzuia siafu, na oili isiguse sanduku. Ukining'inia vizuri, nyegere hapati pa kukanyagia. Manzuki, yaani mahali mizinga inapotundikwa, ikae mita 300 au zaidi kutoka kwenye nyumba na njia, maji yawe karibu, na mashamba ya tumbaku yawe mbali kadiri inavyowezekana, kwa sababu nyuki huruka hata kilomita 3 kutafuta chakula na dawa ya shambani inawaua. Kuanzia Julai fyeka majani chini ya mizinga na uizungushie manzuki barabara ya moto, yaani ukanda uliosafishwa kuzuia moto, wa mita 3 hivi. Hilo mkufunzi hulitaja kwa haraka mno, ilhali moto wa kiangazi unaweza kumaliza manzuki nzima mchana mmoja.

Vifaa vya kurinia ni vichache. Kikundi cha watu kumi kinapewa ovaroli moja yenye kofia ya wavu, jozi moja ya glovu, buti na bomba moja. Kurina kunahitaji watu wawili, mmoja wa moshi na mmoja wa kisu. Ovaroli ikiwa moja, wa pili anakimbia, na kikundi kinaishia kurudi usiku na mwenge wa moto. Nyuki wanaungua na asali inanuka moshi. Dai ovaroli mbili hata kama mizinga itapungua. Mizinga minane yenye ovaroli mbili ina faida kuliko kumi yenye moja.

Lakini lalamiko letu kubwa ni kwamba mkufunzi harudi wakati wa asali ya kwanza. Mafunzo ni siku tano, kisha kimya. Asali inakuja miezi mingi baadaye, na huko ndiko makosa yalipo. Sega linalofaa kukatwa ni lililofunikwa nta angalau robo tatu. Likikatwa likiwa wazi, maji yanazidi asilimia 20, asali inachacha ndani ya ndoo, na mnunuzi mwenye kipimo anaikataa yote. Vikundi vinakata masega ya majana pamoja na ya asali, vinamaliza chakula chote cha nyuki, vinatumia ndoo za rangi, kisha vinatupa makapi ambayo ni nta. Makapi hayo yaoshwe, yachemshwe kwa moto mdogo kwenye sufuria ya alumini yenye maji, yachujwe kwa kitambaa na kuachwa yapoe bila kutikiswa. Nta itaganda juu kama mkate, na ina soko lake. Siku mbili za mkufunzi huyohuyo wakati wa kurina zingeokoa haya yote, na gharama yake haifikii mizinga miwili. Familia hii inasikiliza ikiambiwa, basi kikundi kinachoomba kiliandike sharti hilo kwenye barua.

Barua hupitia kwa mtendaji wa kijiji, ikiwa na majina ya wanakikundi na mahali pa manzuki. Pakiwa ndani ya hifadhi ya msitu, tafuteni kwanza kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Fomu ni bure, za shule na za nyuki. Anayedai hela ya fomu hakutumwa nao.