Draiva ya skana ya fi-7160: weka ya biti 32 na ya biti 64

Kwa ofisi yenye mafaili mengi, fi-7160 ni skana ninayoiamini. Inapitisha kurasa 60 kwa dakika, trei inabeba karatasi 80, na pande zote mbili zinasomwa kwa mpito mmoja. Nyingi bado zina nembo ya Fujitsu. Siku hizi familia ya fi inauzwa kwa jina la Ricoh. Mashine yenyewe haina shida. Kazi ipo kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na skana, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Draiva inaitwa PaperStream IP. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji, tena hapo tu, maana kurasa zinazotoa "draiva za bure" mara nyingi hukuachia programu usizozihitaji, na hata virusi. Utakuta matoleo mawili ya TWAIN, njia ambayo programu hutumia kuzungumza na skana: TWAIN ya kawaida, ambayo ni ya biti 32, na TWAIN x64, ya biti 64. Sakinisha zote mbili. Programu ya biti 32 haiwezi kupakia draiva ya biti 64, hata Windows yako ikiwa ya biti 64, na kinyume chake ni hivyo hivyo. Hapo ndipo mtu anaona skana imetulia vizuri kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows), halafu akifungua programu ya masjala orodha ya skana iko tupu, akaanza kulaumu kebo. Kama una shaka, fungua Task Manager, nenda Details, ongeza safu ya Platform, usome programu yako ni ya biti ngapi. Kisha tazama C:\Windows\twain_32 na C:\Windows\twain_64: folda ya upande unaouhitaji ikiwa haina kitu cha PaperStream, jibu umeshalipata.

Mpangilio wa kazi ni huu: kebo ya USB ikae nje kwanza. Ingia kama msimamizi wa kompyuta, sakinisha draiva, washa kompyuta upya, ndipo uchomeke kebo na kuwasha skana. Ukitanguliza kebo, Windows inaweza kukisajili kifaa bila draiva, na kwenye Device Manager utaona alama ya njano yenye Code 28, yaani draiva haijasakinishwa. Bofya kulia jina la kifaa hicho, chagua Uninstall device, chomoa kebo, uanze upya kwa mpangilio huo.

Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye habu iliyounganishwa na habu nyingine. Tumia kebo ya USB 3.0, ile ambayo kichwa chake cha upande wa skana kina kijisanduku cha ziada juu. Kebo ya kawaida ya printa inaingia na skana inafanya kazi, ila kwa kasi ya USB 2.0, na kwenye rangi pande mbili utaona karatasi zinasitasita.

Skana ikitoweka mchana bila mtu kuigusa, usikimbilie kufuta draiva. Kiwandani imewekwa ijizime ikikaa saa 4 bila kazi. Muda huo unabadilishwa kwenye Software Operation Panel, inayokuja pamoja na draiva. Humo humo kuna hesabu ya karatasi zilizopita. Rola hubadilishwa kila karatasi 200,000 au mwaka mmoja, na rola zilizochoka huvuta karatasi mbili mbili, kosa ambalo draiva husingiziwa bure.

Kwa mikataba na stakabadhi naweka dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), kijivu. Ukurasa wa A4 hapo ni pikseli 2480 kwa 3508, karibu MB 8.7 kabla ya kubanwa; ukiweka rangi, ni mara tatu. Washa pia kunyoosha kurasa zilizopinda na kuondoa kurasa tupu.

Wenye Ubuntu wamerahisishiwa: SANE, mfumo wa skana wa Linux, inaitambua skana hii bila draiva ya kiwandani. Andika sudo apt install sane-utils, kisha scanimage -L. Ikionekana kwa sudo tu, tatizo ni ruhusa: mwongeze mtumiaji kwenye kundi la scanner, atoke, aingie tena.