Nililipa elfu kumi na mbili kuambiwa "bado": rivyu ya wikendi ya kupimwa kama uko tayari kwa traiathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia, zote mfululizo) hapa Kisumu

Nyota nne kati ya tano, nimeanza na hio ndio wenye haraka waende. Wengine kaeni, ju hio nyota ya tano ilipotelea njiani karibu na Ahero na nitawaambia venye ilipotea.

Mi ni mwalimu wa hesabu, Kisumu nimekaa miaka tisa, na nakimbia. Sio kukimbia kama wale wa Iten, nakimbia tu kama mzee wa miaka 39 mwenye amekataa kitambi, lakini nusu marathoni nimewahi kuimaliza kwa saa 1 na dakika 38 na nafikiri hapo ndio kichwa kilivimba. Hapa kwetu mtu akishajua anaweza kukimbia anaona hayo mengine ni nyongeza, kuogelea utajifunza, baiskeli si tuliendesha tangu tukitumwa posho mill. Basi mwaka jana nikaamua nataka ile ndefu kabisa, Ironman, kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima, yote siku moja, na nikachagua ile ya Afrika Kusini inafanyika Gqeberha, ile watu wengi bado wanaita Port Elizabeth. Piga hesabu ya ada ya kuingia, tiketi ya ndege, kusafirisha baiskeli, hoteli, hio ni karo ya mtoto wa bweni. Mama watoto akaniuliza swali moja tu, "na uko tayari?" Nikakohoa.

Ndio nikasikia kuna wikendi ya kupimwa. Inaendeshwa na mama mmoja, sisi wote tunamwita Madam, aliogelea sana enzi zake na sai anafundisha watu wazima, ako na vijana wawili wa kumsaidia na fundi wa baiskeli. Unatuma 12,000 kwa M-Pesa, unapata Ijumaa jioni ya maswali, Jumamosi ya maji, Jumapili ya baiskeli na kukimbia, halafu baadaye ripoti yenye inaisha na neno moja: tayari, karibu, ama bado. Jina sitataja ju kuna mahali nitamlalamikia.

Ijumaa nilidhani ni fomu ya kujaza chapchap tukale samaki tulale. Wacha. Ilikuwa kama kuomba mkopo. Presha lini mara ya mwisho ulipima, kwenu kuna mtu alianguka ghafla akafa bado kijana, unalala saa ngapi, nani anabaki na watoto Jumapili asubuhi ukiwa barabarani masaa sita. Hilo la mwisho liliniuma kidogo. Halafu akasema nipe simu nione mazoezi ya wiki 12 zilizopita. Nilikuwa nimeshamwambia nafanya masaa 10 kwa wiki, na sikuwa nadanganya, hivyo ndivyo nilijua. Akajumlisha zote, na zile wiki mbili za mitihani zenye sikufanya kitu akaziweka pia, akagawa kwa 12. Masaa sita na nusu. Kumbe mi nilikuwa nakumbuka zile wiki nzuri tu. Mwalimu wa hesabu, na wastani nimefanyiwa na mtu mwingine. Na safari yangu ndefu kabisa ya baiskeli kwa hio miezi mitatu ilikuwa kilomita 85, hata nusu ya 180 haijafika.

Jumamosi asubuhi bwawa la hoteli, mita 25, tuogelee 3,000 bila kusimama. Nikafanya saa 1 na dakika 27. Si mbio za kujivunia lakini nikatoka nikitabasamu, ju kwa huo mwendo 3.8 inatoka kama saa 1 na dakika 50, na kule mbio nyingi za Ironman zinakupatia mpaka saa 2 na dakika 20 kabla wakutoe majini. Dakika 30 za akiba! Nikamwonyesha Madam hio hesabu kwa simu. Akaniambia tu, "Sawa mwalimu, kula, saa tisa tunaenda Dunga."

Hii sehemu ya Dunga, ufuo wa ziwa letu hapa Kisumu, peke yake ni ya thamani ya elfu nane kati ya zile kumi na mbili. Tunapandishwa boti ya mvuvi, tunapelekwa ndani mbali na ufuo mahali hakuna gugu maji, boti moja inasimama hapa nyingine inasimama kule mita 200 mbele, na wavuvi wanaangalia maji ju viboko wako huo upande, Hippo Point haikuitwa hivyo bure. Unaambiwa ogelea kutoka boti hii mpaka ile. Mita 200 tu, kwa bwawa hio ni mara nane unagusa ukuta. Lakini hapo ndio shida sasa, ukuta hakuna. Kwa bwawa kila mita 25 ulikuwa unausukuma kwa miguu unapumzika bila kujua, hata ule mstari mweusi wa chini ulikuwa unakushika mkono. Maji ya ziwa rangi yake ni chai ya maziwa, ukiweka uso chini huoni hata vidole vyako. Mita kama 40 hivi pumzi ikaanza kukataa, nikajigeuza mgongo nikaangalia mawingu, yule mvuvi akaniuliza, "omera, uko sawa?" nikasema niko sawa na sikuwa sawa.

Nikamaliza. Nikafanya tena mara tatu na ikaendelea kuwa afadhali. Lakini saa yangu ilisema kwa ile mita 200 nilikuwa naogelea kama 270, ju nilikuwa naenda kombo kama mlevi anayetafuta geti, kila mara naibukia kushoto ya boti. Jioni kitandani nikachukua kalamu. Ukienda kombo hivyo kwa 3.8 yote, umeogelea zaidi ya kilomita 5, na kwa mwendo wangu hio ni saa 2 na dakika 29. Yaani umeshatolewa majini na baiskeli yako hujaigusa. Zile dakika 30 za akiba zilikuwa za bwawa, na hii mbio si ya bwawa. Tena bahari ya kule ni baridi, watu huogelea na ile suti nzito ya mpira, mi sijawahi hata kuivaa, hapa kwetu maji yana joto ukiivaa utaiva.

Lalamiko la kwanza liko hapahapa. Hakuna mtu alitaja kichocho, ule ugonjwa wa minyoo ya majini, mpaka tumerudi tunajipangusa. Ndio, wale konokono wenye wanabeba hio minyoo wanapenda majani ya kando kando na ndio maana tulipelekwa maji ya kina, hatari inapungua, lakini kupungua si kuisha na mtu mzima anafaa kuambiwa kabla hajaruka. Mmoja wetu alitaka kukimbia dukani anunue dawa jioni hiyo hiyo, ikabidi kijana amwelezee kwamba praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, ukimeza leo umemeza bure, unangoja kama wiki sita mpaka nane. Hio maelezo ilifaa kuwa kwa fomu ya Ijumaa, pale juu kabisa.

Sasa Jumapili. Kwa ratiba tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Tulianza saa moja na dakika 20 ju Probox ya kutufuata ilikuwa na shida ya redieta. Unaweza sema hio ni kitu kidogo lakini wenye wameendesha baiskeli barabara ya Ahero wanajua si kidogo. Asubuhi ile tambarare ya Kano imetulia, lami imenyooka, mpunga uko kijani, unakanyaga unajiona Kipchoge wa magurudumu. Ikikaribia saa sita upepo wa ziwa unaamka, unavuma kutoka ziwani kuja bara, na wewe unarudi Kisumu kwa hivyo unakupiga kifuani njia yote. Tukiwa tumeanza saa kumi na mbili ningekuwa nimefika. Badala yake ile saa ya mwisho niliipigania na kila lori la miwa likinipita linanivuta kidogo halafu linaniacha na moshi. Na Probox ikazima kabisa karibu na Ahero, na maji yetu yote yako ndani. Hapo ndio nyota ya tano ilibaki, kando ya lami, boneti wazi.

Njia ilikuwa mpaka Awasi na kurudi, halafu tena mpaka Ahero na kurudi, kama kilomita 120, nikafanya masaa matano. Nikashuka, nikavaa viatu, kilomita 12 za kukimbia. Hii ndio mchezo wangu, nikajiambia hapa sasa watanijua. Kilomita mbili miguu ilikuwa kama nimeazima, hio niliambiwa ni kawaida ukitoka kwa baiskeli. Ya nne nikaanza kuona kizunguzungu. Ya sita misuli ya paja ikakaza nikashika mti. Ya nane nikatapika maji matupu mbele ya mama anauza mahindi choma, akaniangalia kwa huruma ya mtu anafikiri ni pombe ya jana. Nikamaliza kwa saa 1 na dakika 42, nyingi ya hizo nikitembea. Kilomita 12! Mtu wa nusu marathoni ya saa 1 na 38!

Madam hakuniuliza kuhusu miguu. Aliniuliza umekula nini. Ndizi tatu na maji. Akasema hesabu basi wewe si ni mwalimu. Ndizi moja ina kama gramu 25 za wanga, tatu ni 75, gawa kwa masaa matano, gramu 15 kwa saa. Mtu wa mbio hizi anatafuta kama 60 kwa saa, wengine 90 kama wamezoesha tumbo. Na maji matupu kwa wingi bila chumvi yanaweza kukuletea shida kubwa kuliko kiu. Soda moja tu ya nusu lita ingeshinda ndizi mbili kati ya zile zangu tatu. Akatuchekesha na hadithi ya ile Ironman ya kwanza kabisa, Hawaii 1978, watu 15 walianza wakamaliza 12, na jamaa mmoja anaitwa John Dunbar alikuwa anaongoza kwa marathoni mpaka watu wake wakaishiwa maji wakampa bia, Gordon Haller akampita akashinda kwa saa 11 na dakika 46. Mi sikucheka sana, tumbo lilikuwa bado linaongea.

Ripoti ilifaa kuja Jumatano, ikaja siku ya nane, kurasa mbili kwa WhatsApp, na muda wa kukimbia walikuwa wameniwekea wa mtu mwingine, kaka alifanya dakika 61, natamani. Wakarekebisha. Chini kabisa: BADO.

Nilikasirika, sitaficha. Nikampigia na hesabu yangu: Madam, hata tukisema nitembee, maji saa 1 na 50, kubadilisha nguo dakika 15, baiskeli kwa ule mwendo masaa saba na nusu, hio ni saa 9 na dakika 35 na kikomo cha baiskeli ni 10 na nusu, halafu marathoni hata kwa ule mwendo wa kutapika ni kama masaa sita, jumla saa 15 na nusu hivi na wao wanatoa masaa 17. Akanisikiza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, hio ni hesabu ya mtu hachoki. Ulitapika baada ya 120, na uliogelea jana yake ukalala. Na hio saa 1 na 50 ni ya bwawa, wewe mwenyewe uliniambia ya ziwa." Nikanyamaza. Akaendelea, hakuna hata kitu kimoja hapa ni cha kipaji, ni kula, ni kwenda kwa mstari ulionyooka, ni safari ndefu kila wiki mbili, ila haviingii kwa wiki 10 zenye nilikuwa nimebakisha. Fanya nusu Ironman kwanza, kuogelea 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1, halafu rudi tuone. Na akasema kitu kingine sijasikia kwa kocha yeyote, kwamba nikienda hivi hivi pengine nitamaliza, lakini yeye anapima kama nitamaliza nikiwa mzima.

Kwa hivyo pesa ya Gqeberha bado iko kwa chama, na mama watoto amefurahi kuliko venye nilitaka afurahi. Sai kwa baiskeli nabeba viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi, vimekatwa vipande vya kutosha mdomo, na chupa ya maji ya sukari guru na ndimu, alamu ya saa inalia kila dakika 20 nakula nikitaka nisitake. Wiki iliyopita nimetoka kwa kilomita 130 nikakimbia 8 na sikushika mti wowote.

Ni ya nani hii? Kama bado hujui kuogelea 1,000 bila kusimama usipoteze pesa, jifunze kwanza. Kama ushafanya nusu mbili tatu pengine hutasikia kitu kipya. Ni ya mtu kama mimi mwenye ako na mguu mmoja ndani na kadi ya benki mkononi. Fundi wao ni mzuri sana, alinyoosha gia zangu zenye fundi wangu alishindwa nazo miezi miwili, hakuomba kitu. Chakula Jumamosi kiko ndani ya bei, ngege mzima na ugali. Mahali pa wanawake kubadilisha nguo Dunga hakuna, wale dada wawili walishikiliwa leso, hio watengeneze.

Wanachukua watu nane tu kwa mara moja na inajaa mapema. Ukienda beba tyubu mbili zako, beba maji yako kwa baiskeli hata wakikuambia gari liko, na Jumamosi jioni kabla ulale uliza redieta imefikia wapi.