Selçuk, Uturuki: Tiketi Yuro 40, Korongo Bure

Yuro 40! Yuro arobaini, mtu mmoja, kuingia kuangalia mawe! Haya, ngoja nianze vizuri, mke wangu kashanisema kwamba siku hizi kila video naianza kwa kelele. Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, hamjambo. Mimi ndiye yuleyule wa kuchambua simu na spika za mkononi, na leo mezani hakuna simu. Leo nachambua mji. Mji mzima. Mliniomba wenyewe: "Kaka, umeenda Uturuki, tuambie pesa ilikwenda wapi." Nitawaambia.

Mji unaitwa Selçuk. Hiyo c yenye mkia inasomwa "ch", kwa hiyo sema Selchuk. Uko mkoa wa Izmir, upande wa magharibi wa Uturuki, jirani na magofu ya Efeso. Ndiyo, Efeso ileile ya Waraka kwa Waefeso. Maktaba ya Celsus, ile kuta yenye nguzo ghorofa mbili, sina haja ya kuieleza. Mmeiona kwenye kalenda, mmeiona kwenye kila tangazo la Uturuki. Theatre kubwa nayo mnaijua, inasemekana ilibeba watu kama 25,000. Haifiki nusu ya uwanja wa kwa Mkapa, lakini ule wetu haujachongwa ubavuni mwa mlima. Tumemaliza sifa za kwenye boksi. Sasa tuongee.

Kwanza kufika. Ukishuka uwanja wa ndege wa Izmir, acha teksi. Stesheni ya treni iko palepale uwanjani, na kwa saa moja hivi uko Selçuk, unashuka katikati ya mji na begi lako. Reli yenyewe ni mzee: Waingereza walipewa kibali cha kuijenga 1856, ikafika Aydın 1866. Ya kwetu Tanga Wajerumani walianza 1893. Na kuna Mwingereza mmoja, John Turtle Wood, alikuja huku kuchora majengo ya stesheni za reli hiyohiyo, akashikwa na wazimu wa kutafuta hekalu la mungu wa kike Artemi, moja ya maajabu saba ya dunia. Akachimba miaka na miaka, akalipata mwisho wa 1869. Nitarudi kwenye hilo hekalu. Nina jambo nalo.

Sasa kosa wanalofanya watu, na hapa nawasema hata wenzangu wenye chaneli za safari, siwataji. Wanalala Kuşadası, mji wa bandari ambako meli za watalii zinatia nanga. Asubuhi wanapakiwa kwenye basi, wanashushwa geti la juu la Efeso, wanateremka na mtelemko kama maji ya mvua, saa mbili tu, wanatokea geti la chini, basi linawasubiri, kwaheri. Halafu anakwambia "nimechambua Efeso". Hujachambua, ndugu yangu. Umefungua boksi tu.

Mimi nililala Selçuk usiku nne. Asubuhi natoka nyumba ya wageni kwa miguu, kilomita kama tatu, njia ina miforosadi imetoa kivuli. Naingia geti la chini likifunguliwa tu, wakati mabasi yote yanaanzia juu. Barabara ya marumaru nikaipata peke yangu na paka. Efeso ina paka jamani! Wamelala juu ya vichwa vya nguzo kama wao ndio waliochukua tenda ya kujenga. Kwenye maktaba nilikaa ngazini nusu saa bila mtu kuniambia "samahani, sogea". Na hapo ndipo nikagundua jambo ambalo picha haikwambii: ile maktaba ni kaburi. Mrumi mmoja, Aquila, aliijenga kwa heshima ya baba yake, Celsus, na baba mwenyewe amezikwa chini yake. Unasoma vitabu, mzee amelala chini ya miguu yako.

Ikifika saa nne, mabasi yanatema watu. Jua nalo linaamka. Kivuli hakuna. Mawe yale yamesuguliwa na miguu kwa karne nyingi, yanateleza kama sakafu iliyopigwa deki. Ukivaa kandambili ni juu yako. Na nyumba za matajiri wa kale, zile zenye michoro ukutani na sakafu za vijiwe vya rangi, hizo zina tiketi yake nyingine. Yuro 15 juu ya zile 40. Nikalipa. Nikanuna. Nikaingia. Nikatoka sijanuna. Basi.

Niseme na hili kwa sababu kuna mtu ataandika chini, "Wewe Mwislamu Waefeso unawajulia wapi?" Bwana, nimesoma shule ya misheni. Matendo ya Mitume sura ya 19, wafua fedha waliokuwa wakiuza vihekalu wanaona biashara inakufa kwa sababu ya Paulo, mji mzima unakimbilia theatre, wanapiga kelele "Artemi wa Waefeso ni mkuu" kwa muda wa saa mbili. Theatre yenyewe ndiyo hii. Nilikaa safu ya juu kabisa nikajaribu kusema kwa sauti ndogo, walinzi wawili wakaniangalia, nikashuka.

Na kwa upande wetu, jirani na magofu kuna pango wanalolihusisha na As-haabul Kahf, watu wa pangoni wa Suratul Kahf. Kuna miji mingine Uturuki nayo inadai ni kwao, siingii kwenye ugomvi huo. Juu mlimani kuna nyumba wanayosema aliishi Maryam, mapapa watatu wamefika, 1967, 1979 na 2006. Bi mkubwa mmoja wa Kituruki, kajitanda mtandio kama mama yangu, alikuwa amesimama pembeni ya mtawa, kila mmoja na dua yake. Haya, twende.

Kipengele. Kila bidhaa ina kipengele kimoja kinachokufanya uinunue, na cha Selçuk hakipo kwenye tiketi. Tazameni hapa. Nasogeza kamera. Hizi nguzo za mawe mnazoziona katikati ya mji, karibu na stesheni, zimesimama mojamoja baina ya migahawa: ni mabaki ya mfereji wa juu wa kupitisha maji, enzi za Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki. Ukiangalia mawe yake vizuri utaona mengine yana maandishi ya Kigiriki. Yalitolewa kwenye magofu yakapachikwa tu. Sasa panda na macho. Juu kabisa. Unaona kile kichaka cha vijiti, kikubwa kama tairi la lori? Kiota. Nguzo inayofuata, kiota. Ile pale, kiota. Hao ni korongo weupe.

Nitanyamaza. Sikilizeni.

Mmesikia? Rudisha nyuma usikie tena. Huyo si fundi, wala si pikipiki mbovu. Korongo mkubwa hana sauti ya kusema nayo, kwa hiyo mwenzake akirudi kiotani anampokea kwa mdomo: anaikunja shingo mpaka kichwa kinalala mgongoni, halafu anagonganisha mdomo wa juu na wa chini kwa kasi, ta-ta-ta-ta-ta. Mimi mtu wa Pangani nilisikia dhumna. Haki ya Mungu, ni sauti ya wazee barazani wanachanganya dhumna mezani, halafu mmoja anabamiza. Siku ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi niliruka kitandani nikidhani nyumba inabomolewa. Siku ya nne nikawa naisubiri.

Sogeza karibu. Simu hii inavuta mara 10, picha inaanza kuchoka lakini vumilieni. Mwili mweupe, manyoya meusi mbawani, mdomo na miguu myekundu. Makinda mawili, la tatu limejificha. Sasa shuka chini kidogo, kwenye kitako cha kiota, baina ya vijiti. Vile vinavyoruka kuingia na kutoka ni shomoro! Wamepanga vyumba chini ya nyumba ya korongo. Kila mwaka wenye nyumba wanaongeza vijiti juu, na wapangaji wanapata nafasi zaidi. Kodi hawalipi. Nilikunywa glasi tano za chai pale chini nikiangalia hiyo familia, na chai yao ni vigilasi vidogo vyenye kiuno, hivyo msinihukumu.

Na sasa jambo lililonifanya nifute alama niliyokuwa nimeandika kwenye daftari. Mwisho wa kiangazi chao, kama mwezi wa nane, korongo hawa wanaondoka. Hawapendi kuvuka bahari pana, maana wanapanda na hewa ya moto inayotoka ardhini, kwa hiyo korongo wa upande huu wa dunia wanazunguka nchi kavu: wanashuka Mashariki ya Kati, wanafuata Mto Naili, wanakuja Afrika Mashariki, wengine wanapitiliza mpaka Afrika Kusini. Wale makorongo weupe mnaowaona makundi kwa makundi mashambani kwetu, wanatembea taratibu kama mabwana shamba, wanaokota viwavijeshi na panzi? Ni wa ukoo huu. Nimekata tiketi ya ndege, nimebadilisha Istanbul, nimelipa yuro 40, nimekuja kumwangalia ndege anayekula viwavi vya mahindi ya mjomba.

Kwa hiyo lile hekalu la Artemi. Mwandishi wa Kirumi, Plinio, aliandika kwamba lilikuwa na nguzo 127. Leo imesimama moja, nayo imeungwa kwa vipande. Uwanja, dimbwi, bata, nguzo moja. Kuingia bure nilipokwenda, na watu wanasema haina maana. Lakini juu yake kuna nani? Korongo. Simama upande wa barabara uweke simu wima: mbele nguzo ya Artemi na kiota chake, nyuma msikiti wa İsa Bey wa 1375, juu yake kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa na kaisari Justiniani karne ya 6, na juu ya vyote ngome. Dini tatu kwenye fremu moja, na simu hii haikuhitaji hata lenzi pana. Ile simu nyingine niliyoichambua mwezi uliopita, mnaijua, ingekata ngome.

Kwa nini watu walihama Efeso wakaja kilimani huku? Mto. Efeso ilikuwa bandari, mto ukaleta tope karne baada ya karne, bahari ikasukumwa mbali kilomita kadhaa, bandari ikawa kinamasi cha mbu. Sisi watu wa mdomo wa mto tunajua mto na bahari haviishi kwa amani. Mji mpya ukaitwa Ayasuluk, jina la Selçuk likaja 1914. Na aliyefika Ayasuluk, miaka ya 1330, ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco. Yuleyule wa Kilwa! Kilwa 1331 aliisifia kwamba ni katika miji mizuri kabisa. Huku akausifia msikiti mkuu, uliokuwa kanisa kabla. Nikafurahi, nikaendelea kusoma simuni, nikafika anapoandika kwamba katika mji huuhuu alinunua binti wa Kigiriki, mtumwa, kwa dinari 40 za dhahabu. Arobaini. Na mimi siku nzima nalia na arobaini yangu. Nikazima simu.

Chakula, haraka. Omba çöp şiş, "chop shish". Ni mishikaki, vipande vidogo vya nyama kwenye vijiti vyembamba, na mkate. Pilipili yao ni ya adabu mno, beba ya kwako. Na lugha isikutishe: dunia ni dünya, kitabu ni kitap, sabuni ni sabun. Nimemaliza kula, nikasahau, nikamwambia kijana kwa Kiswahili, "Lete hesabu." Akaleta. Kwao bili ni hesap.

Kasoro: stendi ya mabasi kuna kijana aliniapia kwamba daladala zao, dolmuş, za kwenda magofuni zimekwisha, akanipa lifti ya bure. Lifti ikaishia duka la mazulia. Nikanywa chai ya tofaa, nikaguswa bega mara kumi na moja, nikatoka bila zulia, nikarudi stendi. Dolmuş ipo pale, imejaa nusu.

Mtauliza kwa nini si Kapadokia, kule Uturuki kwenye maputo ya kurusha watalii. Nendeni, sijakataza. Ila puto linashuka kwa saa moja na bei yake inaweza kukufanya ubaki huko juu.

Alama: nilikuwa nimeandika 6 kwa 10. Sasa 8. Ingekuwa 8 na nusu kama si kukosa kivuli. Msije mwezi wa kumi mkaniandikia "korongo wako wapi", mwezi huo wameshaanza safari ya kuja mashambani kwenu. Januari wana mieleka ya ngamia, hiyo nitaifuata nikipata mdhamini, na mdhamini kama unatazama, namba iko kwenye maelezo.

Jumatano narudi na bidhaa ya kawaida: begi la magurudumu. Lilianza safari na magurudumu manne, kwenye mawe ya kijiji cha Şirince likabaki na mawili, na moja kati ya hayo pia linayumba, ngoja niwaonyeshe... mama yangu, limetoka kabisa.