Mtumbwi wa gogo au boti ya mbao, Mtera ikichafuka

Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ni pana. Upepo ukishika kasi, mawimbi yanapata nafasi ya kukua. Mtumbwi wa gogo una kingo fupi na tumbo la mviringo: ukipigwa ubavuni unalala, ukichota maji mara mbili umelemewa. Sifa yake ni wepesi wa kupenya kwenye visiki vya miti iliyozama. Mimi ningepanda boti ya mbao yenye kingo ndefu, ila isijazwe. Watu na mizigo wakirundikana tezi, yaani nyuma ya boti karibu na injini, wimbi la nyuma linaingia hapo hapo. Elekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye wimbi, mshazari kidogo, taratibu. Na jaketi okozi livaliwe nchi kavu, jamani, lisikaliwe kama mto!