TAHADHARI: Anauza nafasi za Utabibu kwa wenye F ya Fizikia

Ndugu zangu mlio na vijana waliomaliza kidato cha nne, kuna mtu anajiita wakala wa udahili. Matokeo yakitoka tu anaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, anabandika nembo za vyuo vya afya na kuandika "nafasi zimebaki chache, wahi". Amemtapeli mdogo wangu, na bado yuko kazini.

Mdogo wangu ametamani utabibu tangu yuko shule ya msingi. Alipata C ya Baiolojia, D ya Kemia, D ya Kiswahili na ya Jiografia. Fizikia F. Yule mtu akamhakikishia kuwa Fizikia si tatizo, atapewa "kozi ya awali" ya miezi mitatu kisha ataunganishwa na wenzake. Huo ni uongo mtupu. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, unaeleza wazi: Stashahada ya Utabibu inataka ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Chuo hakiwezi kumpitisha mtu kimyakimya, kwa sababu majina ya waliochaguliwa yanapelekwa NACTVET kuhakikiwa. Hata ukiingia darasani kwa mlango wa nyuma, siku ya kwenda kusajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika utakwama.

Hela tulimtumia yule mtu kwa simu, kwenye laini yenye jina la mtu binafsi. Kwanza ya "kushikilia nafasi", halafu ya bweni, halafu ya sare. Kila ukilipa anaibuka na jingine. Kisha ikaja barua ya kujiunga, na hapo nawaomba muwe makini sana, kwa sababu ilifanana na ya kweli: koti jeupe, rimu ya karatasi, ndoo, ufagio, vyote viliorodheshwa. Ila muhuri ulikuwa umechapwa pamoja na maandishi, tarehe yake ni ya Jumapili, na akaunti ya kulipia ada ilikuwa ni namba ileile ya simu. Binti alifika chuoni na sanduku lake. Ofisi ya udahili wakatafuta jina, halipo. Walimwonea huruma, lakini hawakuwa na la kumsaidia.

Kinachoniuma kuliko hela ni hiki: kwa matokeo yake alikuwa na sifa za Stashahada ya Famasi, ambayo inataka D nne zikiwemo Kemia na Baiolojia, Fizikia si lazima. Angeomba mapema angekuwa darasani sasa hivi. Dirisha la maombi lilifungwa wakati sisi tunasubiri "kozi ya awali". Na kama moyo wake uko kwenye utabibu tu, njia ni kurisiti Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu yeyote hata shilingi, fungua tovuti ya NACTVET utazame chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imo. Angalia vyote viwili, kwa maana chuo kinaweza kuwa halali huku kozi unayouziwa haitambuliki. Wa kidato cha sita wanaotaka shahada watazame mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Maombi ajaze kijana mwenyewe, kwa simu yake na nywila yake. Ukimpa wakala namba ya mtihani akafungua akaunti kwa simu yake, yeye ndiye atakayechagua chuo, na wewe hutaweza hata kubadili.

Namba ya tapeli huyu siiweki hapa kwa kuwa anabadili laini kila mara. Akikutafuta, usibishane naye. Hifadhi meseji na risiti za miamala, ripoti namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda polisi ukafungue jalada. Sisi tumeshafungua letu.