Uzoefu wangu: siku nne kwa miguu kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Karongi

Ninaishi Bukavu, nchini Kongo, na kwa miaka yote niliyosafiri kwenda Goma nimelivuka Ziwa Kivu usiku, nikisinzia katikati ya mizigo ya abiria, hata milima ya upande wa Rwanda nikaijua kwa taa zake tu. Julai iliyopita, baada ya kukabidhi matokeo ya wanafunzi wangu, niliamua kuitazama milima ile mchana na kwa miguu. Mimi na mdogo wangu wa kike tulilipa dola 240 kila mmoja kwa kampuni ndogo ya matembezi iliyo ng'ambo ya mpaka, nayo ikatuahidi kiongozi, malazi, chakula cha asubuhi na cha jioni, pamoja na pikipiki ya kubeba mizigo, kwa sehemu ya kaskazini ya Congo Nile Trail. Njia nzima ina kilomita 227, huanzia Rubavu na kuishia Rusizi, mkabala na Bukavu yetu, na anayeitembea yote huhitaji siku kumi hivi. Sisi tulichukua nne, hadi Karongi, mji ambao wengi wetu bado tunauita Kibuye.

Jina la njia linaweza kumpotosha mtu. Mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na ya Nile uko juu zaidi, upande wa mashariki: mvua inayonyesha huku hushuka Kivu, ikapita Mto Ruzizi hadi Tanganyika na mwishowe ikaingia Mto Kongo, na ile inayonyesha kule hufuata Nyabarongo na Akagera hadi Ziwa Viktoria na Nile. Njia yenyewe haiufuati mgongo huo. Hupita chini yake, ikipanda na kushuka vilima vya ufukweni, na kwa anayetoka kaskazini ziwa huwa mkono wa kulia karibu muda wote. Tena sehemu kubwa ni barabara ya udongo inayopitwa na magari, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia hadi ndani ya soksi. Kampuni haikutuambia hilo, na ninaona ilipaswa kutuambia kabla ya kupokea fedha.

Aliyeiokoa safari ni kiongozi wetu, kijana wa Rutsiro anayesema Kiswahili safi. Asubuhi ya kwanza, tulipokwisha kupita chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba, ambako wazee walikuwa wameketi maji yakiwafika magotini, alisimama penye njia panda akaniambia, "Mama, tukifuata barabara tutafika mapema, lakini hamtaona kitu." Tangu hapo alituongoza kwa vijia vya wakulima, kati ya migomba na mashamba ya maharagwe, tukivuka vijito kwa magogo mawili yaliyolazwa sambamba, naye akitangulia kuyajaribu kwa mguu kabla hatujakanyaga. Vijia hivyo havina vibao, na mgeni akiingia peke yake atatokea uani kwa mtu. Ndiyo maana ninasema bila kusita kwamba anayelipia matembezi haya hulipia kwanza kiongozi, kisha mengine.

Jambo ambalo ramani haikunifundisha ni ghuba. Ufuko wa mashariki wa Kivu umekatwakatwa kama ukingo wa jani la mpapai, na kila ghuba lazima izungukwe. Siku ya pili, saa tisa alasiri, tuliiona nyumba yetu ya kulala ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha yake, na bado tulitembea zaidi ya saa mbili kuifikia. Mdogo wangu aliomba tuvushwe kwa mtumbwi. Kiongozi alikataa kwa upole, akaeleza kwamba upepo wa alasiri huchafua ziwa na kwamba mitumbwi ile haina makoti ya kuokolea. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo.

Nyumba hiyo ilikuwa Kinunu, na kwangu Kinunu ndiyo kiini cha safari. Kuna kituo cha kuosha kahawa kando kabisa ya ziwa. Mavuno yalikuwa yanaelekea mwisho, lakini meza ndefu za wavu zilikuwa bado zimejaa buni iliyomenywa, yenye rangi ya maziwa yaliyoganda, na akina mama waliizunguka wakichambua kwa vidole viwili, punje moja moja, kila yenye doa ikitupwa kando. Mmoja alinipa nafasi pembeni yake. Nilichambua kwa nusu saa, naye akazipitia tena punje zangu zote kimyakimya na kutoa nane nilizoziacha. Kikombe nilichokunywa jioni ile kilikuwa cha kahawa hiyohiyo, tukila sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga waliovuliwa usiku uliotangulia. Baada ya giza tuliwasikia wavuvi wakienda kuwatafuta wengine, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja na taa zikining'inia, wakipiga makasia kwa wimbo.

Siku ya tatu huduma ilituangusha. Mizigo iliyopaswa kufika kabla yetu ilifika saa tatu usiku, kwa sababu mwendesha pikipiki mmoja alikuwa amepewa makundi mawili yaliyolala sehemu mbalimbali, na kila tulipopiga simu ofisini tuliambiwa yuko njiani. Mlimani, kwenye mwinuko wa ziwa wa mita 1,460 na zaidi, jioni ya Julai ina baridi, nasi tuliketi na nguo zenye jasho hadi mwenye nyumba alipotuazima vitenge. Kampuni iliomba radhi na kurudisha dola 20. Ninashukuru, lakini anayenifuata abebe mwenyewe begi dogo lenye nguo kavu, dawa na hati za mpaka.

Alasiri hiyohiyo, kabla ya adha ya mizigo, tulikuwa tumekaa juu ya kilima baada ya Musasa, kisiwa cha Idjwi kikiwa kimelala mbele yetu kwa urefu wake wote na nyuma yake milima ya Kongo. Bukavu jua hutuchomozea kutoka Rwanda. Pale niliketi nikalitazama likizama kwetu, na sikutaka kuondoka.

Karongi tuliingia mchana wa siku ya nne. Kwenye rasi ipo parokia ambayo waliokimbilia kanisani humo waliuawa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, na ukumbusho wao uko hapohapo nje ya kanisa. Kiongozi alituacha tuingie wenyewe, naye akabaki getini. Tusiopungua umri wangu tunaukumbuka mwaka ule kwa upande wetu wa ziwa, wakimbizi wa Rwanda walipojaa katika kila uwanja wa Bukavu, na sikuwa nimewahi kusimama mahali walikotoka.

Kurudi ni rahisi: basi la Karongi hadi Kamembe, mji wa Rusizi, hufuata lami yenye kona nyingi, kisha unavuka Mto Ruzizi hadi Bukavu. Sisi tulitumia karatasi ya CEPGL, hati ya kusafiria ya jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi, pande zote mbili, lakini taratibu na saa za mpaka hubadilika, kwa hiyo ulizia wiki ileile unayosafiri. Anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi, milima ikiwa bado inakukinga na jua, na uombe kampuni iandike kwamba mtapita vijiani, si barabarani. Sehemu iliyobaki, Karongi hadi Rusizi, tumepanga kuitembea Januari mvua zikipungua kidogo, na nimekwisha kumpigia simu kiongozi yuleyule kabla ya kuipigia kampuni.